Mashine ya Kufua Isipokamua Nguo: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kumlipa Fundi

Mashine ya kufua inaposimama kabla ya kukamua na kuacha nguo zimeloa maji, wengi hudhani mota imeungua. Mara nyingi sivyo. Chanzo huwa ni maji ambayo hayajatoka, nguo zilizoelemea upande mmoja, au povu lililozidi. Mambo hayo matatu mwenye nyumba anaweza kuyarekebisha bila kufungua hata skrubu moja.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kukagua mashine isiyokamua, kuanzia jambo rahisi hadi gumu. Yanaeleza pia mahali ambapo mkazi anapaswa kuacha na kumwita fundi, kwa sababu ndani ya mashine hii zimo sehemu zinazoweza kumjeruhi au hata kumuua mtu asiyezijua.

Jinsi mashine inavyokamua

Kukamua ni kazi ya mwendo. Pipa lenye matundu huzungushwa kwa kasi, nguo hubanwa ukutani, na maji hutokea kwenye matundu. Chukua pipa lenye upana wa sentimita 48 linalozunguka mara 1,000 kwa dakika. Ukingo wake huenda kwa kasi ya karibu kilomita 90 kwa saa, kasi inayozidi ile ya kilomita 80 ambayo matatu hufungiwa kidhibiti mwendo. Katika kasi hiyo, nguo yenye uzito wa kilo moja iliyojikusanya upande mmoja huvuta pipa kwa nguvu sawa na mzigo wa zaidi ya kilo 250.

Ndiyo maana mashine haikubali kuanza kukamua hivi hivi. Kwanza hutoa maji yote. Kihisi cha maji kikionyesha bado yapo, hairuhusu mwendo wa kasi. Pili, huhakikisha mlango au kifuniko kimefungwa. Tatu, huzungusha nguo polepole ili zitawanyike, kisha hupima kama pipa linayumba. Likiyumba, husimama na kujaribu tena. Ikishindwa mara kadhaa, hukata tamaa na kumaliza bila kukamua, au hukamua kwa mwendo wa chini tu.

Kwa hivyo mashine isiyokamua huenda haijaharibika. Huenda inajizuia kwa sababu imekosa mojawapo ya masharti hayo. Kazi ya mwenye nyumba ni kujua ni sharti lipi.

Usalama kwanza

Kabla ya kukagua chochote, chomoa plagi kwenye soketi. Kuzima swichi ya mashine peke yake hakutoshi. Hakikisha mikono imekauka na sakafu haina maji. Ikiwa soketi iko mahali palipolowa, zima kwanza swichi kuu ya stima ya nyumba.

Ukigusa mashine na kuhisi stima inawasha vidole, usiendelee kuitumia hata kama inafua vizuri. Hiyo ni dalili kwamba umeme unavuja na huenda waya wa ardhi haufanyi kazi. Mtu aliyelowa, akiwa amesimama bila viatu kwenye sakafu yenye maji, anaweza kufa kwa hitilafu hiyo. Kazi ya nyaya za nyumba ifanywe na fundi wa stima mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA.

Watoto wasiachwe karibu na mashine iliyo wazi. Mtoto mdogo anaweza kuingia ndani ya pipa na kufungiwa humo.

Hatua za ukaguzi

1. Tazama programu iliyochaguliwa. Programu za sufu na nguo laini hukamua kwa mwendo wa chini, na mashine nyingi zina kitufe cha kupunguza kasi ya kukamua au kukizima kabisa. Mtu mwingine nyumbani, au mama fua aliyekuja siku hiyo, huenda alikibonyeza. Chagua programu ya kukamua peke yake na uone kama mashine itaitika.

2. Panga nguo upya. Blanketi moja zito, zulia dogo la bafuni au jinzi mbili peke yake ni mzigo mgumu kuliko nguo nyingi ndogo, kwa sababu hukusanyika upande mmoja. Shuka la kitanda nalo hukunja nguo nyingine ndani yake na kuwa kama mpira. Toa nguo, zifumue, uzirudishe zikiwa zimetawanyika. Kama ni kitu kimoja kizito, ongeza taulo mbili tatu za kusawazisha. Kama pipa limejaa hadi juu, toa nusu. Kilo zinazoandikwa kwenye mashine, kwa mfano kilo 7, ni za nguo kavu za pamba. Blanketi likinywa maji, kila lita moja huongeza kilo moja.

3. Tazama kama maji yametoka. Kama bado yapo ndani ya pipa, usihangaike na mota. Tatizo liko kwenye njia ya maji. Anza na mpira wa kutolea maji ulio nyuma: huenda umekunjika au umebanwa na mashine iliyosukumwa ukutani. Kwa mashine nyingi zinazofunguliwa mbele, mpira huo huinuliwa hadi kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ukiinuliwa zaidi, pampu hushindwa kusukuma. Ukilazwa chini, maji hutoka wakati yanapoingia na mashine haijai. Baadhi ya mashine zinazofunguliwa juu zimeundwa tofauti, na mpira wake hulazwa sakafuni. Kitabu cha mashine ndicho cha kufuatwa.

4. Safisha chujio. Mashine nyingi zinazofunguliwa mbele zina kijimlango chini, upande wa mbele, na ndani yake kuna chujio la pampu. Hapo ndipo sarafu, vifungo, pini za nywele, waya wa sidiria na soksi za watoto hukwama. Ikiwa maji yalikuwa ya moto, subiri yapoe. Kama pipa limejaa, shusha mpira wa kutolea maji hadi ndani ya beseni sakafuni. Mara nyingi maji yatatoka yenyewe. Kisha weka kitambaa na beseni bapa chini ya chujio, ulifungue polepole, na uwe tayari kulifunga tena beseni likijaa. Ondoa takataka, osha chujio, kisha umulike ndani kwa tochi. Kuna panga dogo la pampu. Ligeuze kwa kijiti. Likizunguka kwa kukwamakwama kidogo, hiyo ni kawaida. Lisipozunguka kabisa, kuna kitu kimelikamata au pampu imeharibika. Funga chujio kikamilifu kabla ya kuwasha, la sivyo maji yatamwagika sakafuni.

5. Punguza povu. Sabuni nyingi za unga za kufulia kwa mkono hutengenezwa zitoe povu jingi. Ndani ya mashine, povu hilo hukidanganya kihisi cha maji, hulemea pampu na kuzuia pipa kushika kasi. Tatizo huwa kubwa zaidi mahali maji ya mfereji yanapokuja kwa zamu na presha ni ndogo, kwa sababu nguo hazisuuziki vya kutosha. Acha povu litulie, kisha endesha programu ya kusuuza bila sabuni, hata mara mbili. Baadaye tumia sabuni iliyoandikwa kuwa ni ya mashine, kwa kipimo kilicho kwenye pakiti.

6. Kagua mlango au kifuniko. Nguo iliyobanwa mlangoni, mpira wa mlango uliochafuka au kifuniko kilichopinda hutosha kuizuia mashine. Fungua, safisha, kisha ufunge mpaka usikie mlio wa kufuli.

7. Kagua mashine ilivyosimama. Shika pembe mbili za juu zilizo mkabala na ubonyeze kwa zamu. Mashine ikichezacheza, miguu yake haiko sawa. Kila mguu huzungushwa kwa spana ili kuinua au kushusha, na pimamaji ya mwashi husaidia kuthibitisha. Karatasi iliyokunjwa au kipande cha ubao chini ya mguu hakidumu, kwa kuwa mtikisiko hukisukuma nje. Kama mashine ni mpya na inarukaruka, tazama nyuma: boliti za usafirishaji zinazolishikilia pipa zisipotolewa, mashine hutikisika vibaya na huharibika. Zitunze boliti hizo, zitahitajika siku ya kuhama.

8. Fikiria stima. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Ukishuka sana, hasa jioni wakati kila nyumba inapika na kupiga pasi, mota hukosa nguvu ya kufikia mwendo wa kukamua. Taa zikififia mashine inapoanza kukamua, jaribu tena saa nyingine. Kama taa za majirani nao zinafifia, toeni taarifa kwa Kenya Power. Mashine iunganishwe kwenye soketi yake moja kwa moja. Mashine inayochemsha maji kwa wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 8, na birika la umeme la wati 2,000 huvuta nyingine 8. Zikichomekwa pamoja kwenye kebo moja ya kuongezea yenye plagi ya ampea 13, kebo hupata moto na inaweza kuanzisha mkasa.

Mashine ya matangi mawili

Kaya nyingi hutumia mashine ya matangi mawili: moja la kufulia, jingine dogo la kukamulia. Hupendwa kwa sababu maji humiminwa kwa ndoo, hivyo haitegemei presha ya mfereji. Tangi la kukamulia lina mota yake, ndiyo maana upande wa kufua unaweza kufanya kazi wakati ule wa kukamua umegoma.

Mambo ya kwanza ya kutazama ni haya. Kifuniko cha tangi la kukamulia kina swichi na breki: kikiinuliwa, stima hukatwa na breki hulishika tangi. Kisipokaa sawasawa, tangi halizunguki. Pia nguo nyepesi, hasa soksi na leso, hurushwa nje ya kikapu na kujikunja chini yake mpaka kinakwama. Chomoa plagi, zungusha kikapu kwa mkono, umulike pembeni na uitoe nguo hiyo taratibu. Hatimaye, kumbuka kuweka kile kifuniko kidogo cha plastiki cha kukandamizia nguo. Bila hicho, nguo huinuka na kuvutwa nje.

Tangi likivuma tu bila kuzunguka, huenda breki haijaachia au kapasita ya kuanzishia mota imechoka. Wapo wanaolisukuma kwa mkono ili lianze. Jambo hilo ni la hatari kubwa. Tangi likishika kasi ghafla, nguo iliyozunguka vidole inaweza kuvunja mkono au kukata kidole. Vilevile, asitokee mtu wa kuifunga au kuiunganisha swichi ya kifuniko ili tangi lizunguke likiwa wazi. Swichi hiyo ndiyo kinga pekee kati ya mkono na tangi.

Sauti ya mashine inasema nini

Ukimweleza fundi ulichosikia, utamwokolea muda, na hatakuwa na sababu ya kubahatisha.

- Pampu inanguruma lakini maji hayapungui: chujio au mpira umeziba, au kuna kitu ndani ya pampu.
- Kimya kabisa wakati wa kutoa maji: pampu yenyewe, waya wake, au kihisi kinachoiamuru.
- Pipa linaanza, linasimama, linaanza tena: nguo zimeelemea upande mmoja, au springi na nguzo za kuzuia mtikisiko zimechoka.
- Mota inasikika lakini pipa limetulia: mkanda umekatika, umelegea au umetoka kwenye gurudumu lake.
- Mota haisikiki, na awali kulikuwa na cheche au harufu ya kuungua: huenda kaboni za mota zimekwisha. Hili ni la mashine zenye mota za kaboni. Mota za inveta hazina kaboni.
- Mngurumo unaozidi kadiri kasi inavyopanda: beringi zimeharibika. Mashine ikiwa imechomolewa, zungusha pipa tupu kwa mkono. Likikwaruza au likicheza juu na chini, beringi ndizo.

Mahali pa kumwachia fundi

Kubadilisha mkanda, kaboni, pampu au swichi ya mlango ni kazi ya kawaida kwa fundi anayezijua mashine hizi, na vipuri vyake si sehemu za bei kubwa. Beringi ni kazi nzito, kwa kuwa pipa lote hutolewa. Katika mashine nyingine, pipa la nje limeunganishwa kiwandani na haliwezi kufunguliwa, hivyo hubadilishwa zima. Bodi ya umeme ndiyo ya kuhukumiwa mwisho, baada ya mengine yote kupimwa.

Kapasita isiguswe na asiye fundi. Hutunza umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na inaweza kumpiga mtu aliyedhani mashine haina stima.

Ikiwa mashine bado ina waranti, usiifungue. Mashine ikifunguliwa na fundi wa mtaani, muuzaji anaweza kukataa kuitengeneza. Tafuta risiti na karatasi ya waranti kwanza.

Kuelewana na fundi

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na habari anazohitaji ili anufaike nazo. Kinalinda pia afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi. Haki hizo zinahusu pia ukarabati wa mashine nyumbani. Mkazi anashauriwa kufanya yafuatayo:

- Kuuliza gharama ya ukaguzi kabla fundi hajafungua mashine, na kukubaliana kama itaondolewa kwenye malipo ya ukarabati.
- Kutaka makadirio ya maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, yakitenganisha bei ya kipuri na bei ya kazi.
- Kuomba kuonyeshwa hitilafu, na kukabidhiwa kipuri cha zamani kikishabadilishwa.
- Kutaka mashine ijaribiwe ikiwa na nguo zilizoloa. Pipa tupu huzunguka vizuri hata kama hitilafu ipo.
- Kupata risiti yenye tarehe na maelezo ya muda ambao fundi atawajibikia kazi yake.

Fundi mwema hawezi kuchukizwa na masharti haya, kwa kuwa yanamlinda naye dhidi ya mteja atakayedai baadaye kwamba mashine iliharibiwa zaidi. Anayekimbilia kusema bodi imeungua kabla ya kutazama chujio hafai kukabidhiwa mashine.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, usimamizi wa biashara, pamoja na uhaki wa biashara hizo, ni jukumu la serikali za kaunti, kama ilivyo kwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Mkazi mwenye lalamiko kuhusu huduma aliyolipia aandike alichokubaliana na fundi, atunze risiti na ujumbe wa simu, kisha alifikishe katika ofisi ya kaunti inayoshughulikia biashara. Kijana anayetaka kujifunza kazi ya kutengeneza vyombo vya umeme aulize chuo cha ufundi kilicho karibu naye kuhusu kozi zinazotolewa.

Isipotengenezeka

Ipo siku gharama ya ukarabati hukaribia bei ya mashine nyingine. Hata hivyo mashine iliyokufa ina thamani: mota, pampu na chuma chake hutumiwa na mafundi. Isitupwe mtaroni wala kuchomwa. Nyaya na plastiki zikichomwa hutoa moshi wenye sumu, na mashine iliyotupwa kwenye mtaro huziba maji ya mvua. Mpe fundi anayehitaji vipuri, au uipeleke kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki. Kabla haijachukuliwa, kata waya wa stima na uondoe mlango, ili mtoto asije akafungiwa ndani.

Kuzuia tatizo lisirudi

Mazoea machache hupunguza safari za fundi. Kagua mifuko ya nguo kabla ya kufua. Weka soksi za watoto na sidiria ndani ya mfuko wa wavu. Safisha chujio mara moja kwa mwezi. Changanya nguo kubwa na ndogo, na usijaze pipa hadi juu. Stima ikipotea katikati ya kufua, chomoa plagi na usirudishe mpaka umeme utulie, kwa kuwa ule unaorudi kwa kishindo ndio huharibu bodi. Baada ya kufua, acha mlango wazi kidogo ili mpira wake ukauke, mradi hakuna mtoto mdogo karibu.

Atakayemfundisha pia mtu anayefua nyumbani, awe mama fua au kijana wa nyumba, mahali chujio lilipo na jinsi ya kuchomoa plagi kwanza, atakuwa amefanya jambo kubwa zaidi. Huyo ndiye huwa karibu na mashine inapogoma.